Taka Zilizoletwa kwa Lori

Mtaa wa Niboye ulifagiwa siku ambayo haukutakiwa kufagiwa. Mambo yote yalianzia hapo.

Mimi nilikuwepo kwa kazi ya kusimama. Kwenye filamu, mwigizaji mkubwa hasimami juani wakati watu wa taa wanapanga taa zao. Anatafutwa mtu wa urefu wake asimame badala yake, hata saa nzima, halafu mwenyewe anakuja taa zikiwa tayari. Mwigizaji wao alikuwa mwanamke wa kizungu, mrefu, na Audace, kijana wa Kigali aliyekuwa anawatafutia watu na nyumba na magari na kuwatafsiria, alizunguka Kabeza yote akitafuta msichana wa urefu ule. Alinikuta dukani kwa shangazi nikiteremsha sabuni kwenye rafu ya juu bila kupanda kiti. Akaniuliza kama najua kusimama. Nikamwambia hiyo kazi naifanya kila siku, ila sijawahi kuitiwa.

Walinipaka poda nyeupe usoni mpaka shingoni, ili taa zizoee rangi ya mwenyewe. Kisha nikasimama. Mtu anayesimama hivyo, baada ya siku tatu hakuna anayemwona tena. Wanaongea mbele yake kama mbele ya kabati. Kwa wiki tatu nilisikia Kiingereza kingi kuliko nilichofundishwa kwenye shule ya msingi kule Karagwe, tulikoishi kabla ya kurudi Rwanda, na nikaanza kukielewa bila mtu kujua.

Filamu yao ilihusu muuguzi wa kizungu anayefika kwenye mji wa Afrika kuokoa watu. Mji wenyewe hauna jina. Walikuja kuipigia Kigali kwa sababu Kigali kuna usalama na barabara nzuri, lakini mtaa walioupata hawakuona kama unafanana na Afrika. Hilo nililisikia mwenyewe. Aliyelisema ni Trevor, mkuu wao wa mandhari, yaani yule anayeamua ukuta uwe na rangi gani na barabara iwe na nini juu yake. Alisimama katikati ya mtaa, akatazama juu, akatazama chini, akasema pasafi mno, nani ataamini.

Kesho yake lori likaleta taka. Maganda ya ndizi, chupa, makopo yenye kutu, vitambaa. Mifuko ya plastiki hairuhusiwi nchini, kwa hiyo vijana wake walichanachana nailoni za kufunikia vyombo vyao na kuzitupa mtaroni. Wenye nyumba walitoka kwenye mageti yao wakatazama. Mama mmoja aliokota chupa iliyokuwa mbele ya geti lake, kijana akaichukua mkononi mwake taratibu akairudisha chini.

Siku hiyo walipiga nusu ya tukio. Jioni Trevor alipita na tableti yake akipiga picha kila hatua ya mtaa, ili kesho kila ganda liwe pale pale lilipokuwa. La sivyo, filamu ikiunganishwa, taka zingeonekana zinaruka kutoka upande huu kwenda ule. Wakafunga mtaa kwa utepe, wakamweka mlinzi, wakaenda hotelini. Ofisi zilikuwa zimearifiwa, na wenye nyumba pia. Hakuna aliyekumbuka kwamba mtaa una mfagiaji.

Mfagiaji ni Winifred. Kwetu anaitwa Mama Sangwa, kwa jina la binti yake. Ana miaka sitini na mmoja, alikulia Uganda, anaongoza kikundi cha wanawake saba katika ushirika wa usafi, na mtaa ule alikuwa ameufagia miaka kumi na minne. Alfajiri alifika akakuta uchafu ambao hajawahi kuuona. Mlinzi, Nzeyimana, aliinua utepe apite. Baadaye walipomuuliza kwa nini, alijibu kwamba hakuona jinsi ya kumzuia mtu kuingia mtaani kwake. Tena alimshikia gunia mdomo wakati anajaza. Mama Sangwa akafagia yote. Hata karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya umeme aliibandua, maana kubandika vitu kwenye nguzo hairuhusiwi, akaitia kwenye gunia pamoja na maganda.

Saa kumi na mbili tulipofika, mtaa ulikuwa unang'aa. Mama Sangwa alikuwa amekaa kando ya magunia manne akisubiri gari la taka. Alitusalimia.

Trevor alipiga kelele kwa muda. Alimfokea Audace, akamfokea Nzeyimana, akapiga teke utepe. Kisha akashika gunia la kwanza, akaligeuza, akamwaga yote miguuni mwa Mama Sangwa. Akafungua tableti akamwonyesha picha za jana. Audace akatafsiri kwa Kinyarwanda, kwa upole, macho yakiwa chini, akimwita mukecuru, yaani bibi mzee.

"Mukecuru, anasema wewe ndiye uliyeziondoa, kwa hiyo wewe uzirudishe. Kila kitu mahali pake, kama kwenye picha."

"Amwambie mtu wake aliyezimwaga," Mama Sangwa alisema. "Mimi sijui kumwaga."

"Wanachelewa, mama. Ushirika wenu utalaumiwa."

Hilo la ushirika ndilo lililompigisha magoti. Alikuwa na wanawake saba nyuma yake. Trevor alipomwona ameinama alisema kwa Kiingereza, akiwaambia wenzake, si yeye, "Mwacheni, hawa wamezaliwa ndani ya taka." Mmoja akacheka. Audace alisikia kama nilivyosikia mimi, na hakutafsiri.

Nilikuwa nimeshasimama kwenye alama yangu, na kamera ilikuwa imewashwa ikinitazama ili wapime mwanga. Mama Sangwa alikuwa nyuma yangu, anatambaa na tableti mkono mmoja na ganda mkono mwingine, anatazama picha, anaweka, anatazama tena. Jua lilikuwa linatoka upande wa Kanombe, jekundu kwa vumbi lile la maganda. Mwongozaji wa filamu akaja nyuma ya kamera, akasema kwa sauti ndogo wasizime. Akasema ni nzuri sana. Audace akanivuta mkono nitoke mbele, na mtu mwingine akaenda akamwondolea Mama Sangwa ile tableti kwa adabu, kama anamsaidia mzigo. Akabaki anapanga kwa kukumbuka. Alikuwa na kumbukumbu nzuri, hakukosea sana. Walimpiga picha dakika kumi na moja. Nilihesabu kwenye saa ya mtu wa taa.

Alipomaliza alijifuta mikono, akaenda kufagia mtaa wa pili. Baada ya wiki mbili wazungu wakaondoka. Mimi nikarudi dukani.

Mwaka ulipita. Kipande cha matangazo ya filamu kikatoka, kikaanza kutembea kwenye simu za watu. Kinaanza na Mama Sangwa. Yuko peke yake kwenye taka, jua nyuma yake, anaokota ganda, analitazama, analisogeza. Huwezi kujua kama atalila. Sauti ya mwigizaji mkubwa inasema, "Walikuwa hawana kitu. Walikula kile ambacho mji ulikitupa." Ndipo jina la filamu linatokea.

Sangwa ni muuguzi, anafanya kazi hospitali ya Kibagabaga. Wenzake ndio waliomwonyesha, wakati wa chai. Hakumaliza zamu. Alipanda pikipiki mpaka kwa mama yake akamkuta anapika, akamuuliza, "Mama, ulikuwa na njaa na hukuniambia?"

Haya nilisimuliwa na Mama Sangwa mwenyewe siku aliyokuja dukani Kabeza kunitafuta. Hakulia. Alisema kicheko cha majirani angeweza kukivumilia, lakini mtoto wake, anayemjua, anayekula kwake kila Jumapili, aliamini ile picha hata kwa dakika moja. Alitaka itolewe. Hakutaka kingine. Na kwa sababu alikuwa amesikia kwamba jambo lisilo na shahidi halisimami, alikuja kwa yule msichana aliyepakwa poda, maana ndiye aliyekuwa karibu.

Nikampigia Audace, nikaweka simu wazi asikie naye.

Audace alikuwa na heshima. Alisema anasikitika, lakini kampuni ile haipo tena. Kila filamu inaundiwa kampuni yake, alieleza, na filamu ikiisha kampuni inafungwa. Ndivyo wanavyofanya wote, ni sheria zao.

"Kwa hiyo yule mzungu wa magunia amekufa?" Mama Sangwa aliuliza.

"Hapana mama, yupo. Yuko kwenye kampuni nyingine."

"Na aliyesema wasizime?"

"Naye yuko kwenye nyingine."

"Basi watu wapo wote. Kilichokufa ni karatasi."

Audace alicheka kidogo, akasema ndivyo hivyo mama. Lakini kampuni inayoiuza filamu ilikuwa na mtu wa kupokea malalamiko, mwanamke, na akaahidi kutuunganisha naye kwa video.

Siku ya mkutano Mama Sangwa alikuja kwenye chumba cha Audace kule Kibagabaga na wanawake wawili wa kikundi chake, wote na sare zao za kijani zilizopigwa pasi, na chupa ya chai. Alidhani tutakaa kama tunavyokaa wenye ugomvi: wewe huku, mwenzako kule, watu katikati, mmoja aseme na mwingine ajibu. Alileta vikombe sita. Aliuliza Trevor atakaa wapi. Audace akaweka kompyuta juu ya meza, na ndani yake akatokea mwanamke mmoja mwenye miwani, nyuma yake ukuta mweupe.

Yule mwanamke alisikiliza vizuri. Aliandika. Alisema kampuni yao inalichukulia jambo hili kwa uzito mkubwa, akalirudia hilo mara tatu. Hakuwa na uwezo wa kumwita Trevor, kwa sababu Trevor hakuwahi kuwa mtu wao. Kisha akasema kuna jambo ambalo wanasheria wamemwambia. Siku zile kulikuwa na tangazo kwenye nguzo, kwa Kiingereza na Kifaransa, linalosema kila anayeingia mtaa huu amekubali kupigwa picha. Kwa hiyo mama alikubali kwa kuingia.

Audace alipotafsiri, wanawake wa sare za kijani walitazamana.

"Mwambie ile karatasi niliiona," Mama Sangwa alisema. "Niliibandua alfajiri. Ilikuwa kwenye gunia la pili. Kama wana hizo picha zao watazame, wataiona chini, mimi ndiye niliyeirudisha na maganda, maana Trevor alisema nirudishe kila kitu."

Mwanamke wa miwani aliandika na hilo. Akasema atalifikisha. Akauliza kama kuna mtu mwingine aliyeona, na kama huyo mtu anaweza kuandika. Audace akanionyesha kwa kidole. Mkutano ukaisha. Chai tulikunywa sisi.

Nilipokuwa natoka Audace alinifuata mpaka ngazini. Alisema kuna filamu nyingine inakuja, miezi mitatu, kampuni mpya lakini watu wengi wale wale, na mwigizaji ni mrefu vilevile. Jina langu lilikuwa la kwanza. Sasa, katika kuandika kwangu, si lazima nidanganye. Niandike tu kwamba yule mukecuru hakulazimishwa, kwamba alikuwa anaonekana sawa, labda anafurahia.

"Gwiza, sha, wewe ni mtu wa akili. Ukiandika vibaya, hawamgusi Trevor hata ukucha. Wanaacha tu kuja Rwanda. Wanakwenda kupiga kwingine, na sisi tunabaki na mtaa wetu msafi."

Nikamuuliza, na ile picha, itatolewa?

"Haitatolewa. Ndiyo inayouza filamu."

Nikamwambia nitaandika.

Nilikaa siku tatu. Si kwamba sikujua la kuandika. Dukani kwa shangazi kazi haipo nyingi, na miezi mitatu ya kusimama ingetutoa kwenye chumba kile cha nyuma kinachovuja. Shangazi aliniambia nifanye ninavyoona, kisha akaosha vyombo kwa kelele sana. Siku ya nne nikachukua daftari nikaandika nilichoona, kwa Kiswahili, maana ndiyo lugha niliyofundishwa kuandikia. Kurasa tatu. Niliandika magunia manne, na tableti, na dakika kumi na moja, na maneno ya Trevor kama alivyoyasema. Sikuandika kwamba alikuwa anafurahia. Sikuandika pia kwamba alikuwa analia, kwa sababu hakulia. Sangwa akazitafsiri kwa Kiingereza, tukazituma.

Jibu lilikuja baada ya wiki mbili, mistari minne. Walishukuru kwa ushuhuda wangu. Walisema mambo hayo yalitokea chini ya kampuni iliyopiga filamu, ambayo imeshafungwa, na barua yangu imehifadhiwa. Filamu ilikuwa imeanza kuonyeshwa nchi kumi na mbili. Audace hakunipigia tena kuhusu kazi. Nilisikia wamepata msichana mwingine, wa Kacyiru, mfupi kidogo, anasimama juu ya sanduku.

Mama Sangwa alisomewa lile jibu, akaenda zake kazini. Jumamosi ya mwisho ya mwezi aliniita Niboye kwenye umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi, nije na daftari langu.

Tulichimba mtaro mpaka saa tano. Kisha watu wakakusanyika chini ya ukuta wa shule, wamekalia majembe yao, na mkuu wa mudugudu, yaani wa kitongoji kile, mzee Mutsinzi, akafungua mkutano kama kila mwezi. Akasoma habari za bima, akasoma habari za mbwa wasiofungwa. Akauliza nani ana jambo. Mama Sangwa akasimama. Alisema anaomba lisikilizwe jambo lake hapa, kwa kuwa kwingine kote limehifadhiwa.

Nilishangaa kumwona Audace nyuma kabisa, amesimama na suruali safi. Mama Sangwa alikuwa amempigia simu asubuhi, akamwambia njoo mwanangu, na akaja. Sijui kwa nini alikuja. Angeweza kukataa.

Nikaanza kusoma, nikigeuza kwa Kinyarwanda kila sentensi. Watu walicheka kwenye habari za lori kuleta taka, walicheka zaidi kwa Nzeyimana kushika gunia, naye akainama kwenye jembe lake. Nilipofika pale Trevor alipomwaga gunia hawakucheka. Nikafika kwenye maneno yake. Mzee Mutsinzi akainua mkono.

"Ngoja hapo, binti. Aliyesema yuko wapi?"

Nikasema hayupo.

"Ameitwa?"

Mama Sangwa akasema ameitwa, kwa barua na kwa video.

Mzee Mutsinzi akaita jina la Trevor. Aliliita vibaya, lakini kwa sauti ya kawaida, kama anavyoita jina la yeyote mwenye jambo, akangoja, akaliita tena. Mtoto mmoja akageuka kutazama barabarani. Kisha mzee akamuuliza Audace kama alikuwepo siku ile.

"Nilikuwepo, mzee. Lakini mimi nilikuwa natafsiri tu."

"Basi tafsiri."

Audace hakuelewa mara moja.

"Hayo maneno ya mwisho," mzee Mutsinzi alisema. "Binti ameandika kwamba hukuyatafsiri. Mama alikuwa chini, yalisemwa juu yake, na ni haki yake kuyasikia kwa aliyelipwa kumsikilizisha. Tafsiri sasa."

Audace alitazama simu yake, akaiweka mfukoni. Jasho lilimtoka, ingawa hakuchimba. Akajaribu kueleza kwamba ni utani wao, kwamba kwa Kiingereza maneno hayo hayana uzito. Hakuna aliyemkatiza. Alipomaliza kueleza wote walikuwa bado wanangoja. Akamgeukia Mama Sangwa, akayasema kwa Kinyarwanda, polepole, yote.

Sangwa alikuwa amekaa kando ya mama yake. Nilimwona anautazama mkono wa mama yake uliokuwa juu ya mpini wa jembe, anautazama tu.

"Umesikia, mama?" mzee Mutsinzi aliuliza.

"Nimesikia."

"Unataka tuandike nini?"

Alifikiri. Alisema anajua mkutano huu hauwezi kuitoa picha kwenye nchi kumi na mbili. Alisema iandikwe kwamba siku ile hakuwa anatafuta chakula. Alikuwa kazini. Na iandikwe kwamba walioitwa hawakuja, isipokuwa mmoja.

Mzee Mutsinzi akaandika kwenye kitabu cha mudugudu, akisema kila neno kabla ya kuliandika. Akamwita Mama Sangwa asome, akasoma, akatia saini. Akaniita mimi kama shahidi. Akamwita Audace. Audace aliuliza kama ni lazima. Mzee akasema si lazima, akaendelea kumnyooshea kalamu. Audace akasaini.

Ile picha ipo mpaka leo. Sangwa akiletewa simu kazini huwaambia, "Huyo ni mama yangu, yuko kazini," na kama wana muda anawaeleza yote tangu lori.

Mzee Mutsinzi alifunga kalamu, akauliza kama kuna mwingine mwenye jambo. Mwanamume mmoja akasimama kusema kwamba mtaro tuliouchimba asubuhi unamwaga maji kwenye ua wake.